Baiskeli ya Kwanza ya Katekista



Tarehe 10 Mei 2021 Baba Mtakatifu Fransisko alitoa barua yake Antiquum Ministerium, ambayo kwayo aliiweka huduma ya katekista miongoni mwa huduma rasmi za Kanisa. Tangu hapo, katika semina na mikutano yetu ya walei, tumezungumza mengi juu ya heshima ya katekista, juu ya malezi yake na maisha yake ya sala. Juu ya miguu yake tumezungumza kidogo. Na huku kwetu, kati ya Ziwa Tanganyika na milima ya Marungu, katekista ni miguu kwanza. Kabla hajafungua kinywa amekwisha kupanda, kushuka, kuvuka maji na kupanda tena, na mara nyingi kinachobaki kwa ajili ya somo ni sauti ya mtu aliyechoka.

Ndiyo sababu chama chetu kilikata shauri kumnunulia katekista mmoja baiskeli, ya kwanza maishani mwake. Kwa kuwa tumesomea ualimu na tumezoea hesabu, tuliombwa kusimamia uchaguzi wake. Vyama vya parokia jirani vimetuuliza tangu siku hiyo tulichagua nini na kwa nini. Tunawajibu hapa kwa pamoja.

Wapo waliopinga, na si kwa ubaya. Mzee mmoja alitukumbusha kwamba Bwana aliwatuma wale sabini na wawili bila mfuko, bila mkoba na bila viatu, akauliza tangu lini Injili inahitaji pedali. Swali lake tulilipokea kwa uzito, maana yeye mwenyewe ametembea milima hii miaka mingi na magoti yake yanatoa ushuhuda. Tulimjibu kwamba Mwinjili huyohuyo, katika sura hiyohiyo, anatuonyesha Msamaria akimpandisha majeruhi juu ya mnyama wake. Na kwamba katika Matendo ya Mitume, sura ya 8, Filipo alianza kwa kukimbia kando ya gari la Mwethiopia, lakini mafundisho yenyewe aliyatoa akiwa amepanda na kuketi. Mzee alicheka, akasema kwamba gari lile lilikuwa la Mwethiopia, si la Filipo. Hilo ni kweli, na hatukuendelea kubishana.

Fedha zilizokusanywa zilikuwa dola 150 za Marekani, na zilichukua miezi 11. Zilitoka kwa mama wanaoanika ndagala ufukweni, kwa wakulima wa maharagwe na mihogo, kwa walimu ambao mshahara wao huja unapopenda. Yuko mjane aliyeleta franka 500 kila Jumapili bila kukosa hata moja. Baiskeli inayokufa baada ya miezi sita ingekuwa imekula franka hizo zote, na hakuna mtu ambaye angekuwa na uso wa kumwomba tena.

Katekista mwenyewe ni binti wa miaka 26. Siku za juma anafundisha darasa la tatu. Jumamosi na Jumapili anahudumia kapela mbili. Ile ya mbali iko kilomita 18, kwa njia yenye vilima vitatu, na kwa miguu huchukua karibu saa tano. Wanaoijua njia ya kutoka Moba-Port kwenda Kirungu, na kutoka hapo kuelekea uwanda wa juu, hawahitaji kuelezwa. Ziwa liko kwenye mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na Marungu inapita mita 2000. Kila kitu huku ama kinapanda ama kinashuka.

Hapo ndipo penye swali la kwanza: baiskeli nyeusi, ile ya baba zetu, au baiskeli ya milimani yenye gia, au vitesi kama vijana wanavyosema? Baiskeli nyeusi hatutaidharau. Imebeba mihogo, wagonjwa, mabati ya kuezekea shule na majeneza. Fundi yeyote chini ya mwembe anaijua kwa upofu. Lakini tulikaa na binti huyo ubaoni, tukafanya hesabu ambayo mtoto wa darasa la sita angeiweza.

Baiskeli nyeusi ina meno 44 mbele na 18 nyuma, kwa mfano. Gawa 44 kwa 18: kila mara pedali zinapozunguka mara moja, gurudumu la nyuma linazunguka mara 2 na karibu nusu. Mzingo wa gurudumu lake ni mita 2.2 hivi. Kwa hiyo mzunguko mmoja wa miguu unamsukuma mtu mbele mita 5 na zaidi. Kwenye tambarare ni neema. Kwenye kilima ni sawa na kumwambia mtu apande ngazi kwa kuruka vidato vinne vinne. Atashuka na kusukuma, na baiskeli nyeusi ni nzito.

Baiskeli ya milimani ya bei nafuu huwa na magurudumu matatu ya meno mbele na saba nyuma. Ukichukua dogo la mbele lenye meno 24 na kubwa la nyuma lenye meno 28, gurudumu halifikii hata mzunguko mmoja kwa mzunguko wa pedali. Mtu anasogea mita 1 na sentimita 77 hivi. Ni polepole kama mtu anayetembea, lakini anapanda akiwa ameketi, na moyo haumtoki kifuani. Kazi ya kuupanda mlima haipungui. Inagawanywa vipande vidogo, jambo ambalo kila mwalimu analifanya na somo gumu. Idadi ya gia ambayo wachuuzi huitangaza, 18 au 21 au 24, tuliiona haina uzito mkubwa. Tulihesabu meno ya gurudumu dogo la mbele na kubwa la nyuma, basi.

Tulikwenda sokoni tukiwa wajumbe wanne pamoja naye. Mchuuzi alituwekea mbele baiskeli mpya iliyong'aa kama madhabahu ya Pasaka: nyekundu na nyeusi, tairi nene, springi kubwa chini ya kiti na springi nyingine mbili katika uma wa mbele. Bei yake dola 145. Lazima tuseme ukweli kwamba wajumbe wenzetu waliipenda papo hapo. Baiskeli hiyo ingepiga picha nzuri siku ya kubarikiwa, na kila aliyechangia angeiona fedha yake.

Binti huyo hakusema neno kwa muda. Akaweka viganja viwili juu ya kiti, akakibonyeza kwa uzito wake. Baiskeli ikainama, ikainuka. Akabonyeza tena. Kisha akatugeukia: "Baba, nguvu zangu zitaingia barabarani, au zitaingia humu?"

Hatujasikia fundi akilieleza jambo hilo vizuri zaidi. Springi nzuri, zile za bei kubwa, zina mafuta au hewa ndani yake ya kutuliza mrusho, na mpandaji anaweza kuzifunga anapopanda mlima. Springi za bei ndogo ni chuma tu kinachoruka. Kila anapokanyaga pedali, sehemu ya nguvu yake inakwenda kubonyeza chuma hicho badala ya kulisukuma gurudumu. Pia zinaongeza uzito: baiskeli ya bei nafuu yenye springi mbele na nyuma hufika kilo 18 kwa urahisi, wakati ile isiyo na springi nyuma inaweza kuwa na kilo 14 au 15. Na pale fremu inapojikunja, kwenye maungio, kuna vikombe vidogo ambavyo mchanga wetu huvila, na hakuna duka kuanzia hapa hadi Kalemie litakalokuuzia vingine. Mtu mwenye dola 1000 anaweza kuyafikiria mambo haya kwa namna nyingine. Kwa dola 150, kila springi iliyoongezwa imelipiwa kwa kupunguza kitu kingine, na kwa kawaida kilichopunguzwa ni ubora wa breki na wa magurudumu.

Juu ya breki tulisimama muda mrefu kuliko kitu chochote, na hatuombi radhi. Kupanda polepole hakuui mtu. Kushuka kunaua.

Baiskeli hizi za milimani zenyewe zilizaliwa katika kushuka. Katika miaka ya 1970, kwenye mlima Tamalpais, kaskazini ya jiji la San Francisco huko Marekani, vijana walichukua baiskeli nzito za zamani zenye tairi nene, wakawa wanashindana kushuka kwa njia za vumbi. Shindano lao mashuhuri lilianza tarehe 21 Oktoba 1976, kwenye njia inayoporomoka karibu mita 400 katika kilomita 3 na ushee. Baiskeli zile zilikuwa na breki ya ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, ile inayoshika mtu anapokanyaga kinyume. Walipofika chini, kitovu kilikuwa kimepata moto hata grisi yote imegeuka moshi, na ilibidi kukifungua na kukijaza grisi upya. Kutokana na kazi hiyo ya kujaza upya shindano likaitwa Repack. Mwaka uliofuata mmoja wao, Joe Breeze, alianza kutengeneza fremu mpya kwa ajili ya njia za namna ile. Vijana wale walishuka kwa kujifurahisha, wakiwa na marafiki wa kuwaokota. Katekista wetu atashuka peke yake saa kumi na moja jioni, mvua ya Februari ikinyesha, akiwa na begi la vitabu mgongoni. Ni haki yake kuwa na breki bora kuliko zao.

Tuliona aina tatu. Breki za vyuma vya kuvuta za baiskeli nyeusi hushika vibaya rimu za chuma zilizolowa, na kila aliyeshuka nazo wakati wa mvua anajua viatu vyake vilivyoisha soli. Breki za sahani zinazotumia mafuta ni nzuri kupita zote, lakini mafuta yakivuja huku hakuna wa kuyarudisha. Tulichagua breki za waya zinazobana rimu kwa vipande vya mpira, rimu zenyewe zikiwa za alumini, kwa sababu alumini hushika vizuri zaidi ikiwa na maji. Vipande vyake vinapatikana sokoni, waya unapatikana, na binti huyo alijifunza kuvibadilisha katika alasiri moja. Tulimwomba pia afanye zoezi mbele yetu: kushuka kilima kidogo akibana breki zote mbili, makalio yakisogea nyuma ya kiti, akiachia kidogo na kubana tena ili rimu zipate kupoa. Alilirudia hadi Mama mweka hazina aliposema inatosha.

Kisha magurudumu. Wachuuzi husema 26, 27 na nusu, 29, kana kwamba kubwa zaidi ni bora zaidi. Sisi tulimwomba kila mchuuzi ageuze tairi tusome ubavu wake. Huko huandikwa namba mbili zenye kistari katikati, kama 50-559. Ya kwanza ni unene wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye rimu, nayo haidanganyi. Tairi la 26 la baiskeli za milimani ni 559. La 27 na nusu ni 584. La 29 ni 622. Lile la baiskeli nyeusi nyingi za 28 ni 635, kwa hiyo mtu akidhani kwamba 28 na 29 ni majirani, atarudi nyumbani na tairi lisiloingia. Katika soko letu tulikuta matairi ya 635 na ya 559 kwenye kila meza, na 584 au 622 hatukuona hata moja. Hilo lilimaliza mjadala: baiskeli ya katekista itakuwa na magurudumu ya 26, hata kama vijana wa mjini wataicheka kuwa ya zamani.

Hapa mtuvumilie kidogo. Kila tunaposhika tairi la baiskeli tunakumbuka kwamba neno mpira lina historia yake katika nchi hii. Mwaka 1888, huko Belfast, John Boyd Dunlop alitengeneza tairi la hewa kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Katika miaka michache Ulaya na Marekani zote zilitaka kupanda baiskeli zenye tairi laini, na mpira ukawa mali. Wakati huohuo Kongo ilikuwa mali ya mtu mmoja, Mfalme Leopold II, tangu mwaka 1885 hadi 1908. Watu wa misitu walilazimishwa kuingia porini kukinga utomvu wa mitambaa ya mpira. Walioleta pungufu walichapwa viboko, wake zao walifungwa, vijiji vilichomwa, mikono ilikatwa. Mwenye heri Isidori Bakanja, mlei mwenzetu, alikuwa mtumishi kwa wakala wa kampuni iliyokusanya mpira na pembe. Alipigwa hadi majeraha yakaoza kwa sababu hakukubali kuivua skapulari wala kuacha kuwafundisha wenzake sala. Alifariki Agosti 1909, na Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri tarehe 24 Aprili 1994. Hatuandiki haya ili mtu aone haya kupanda baiskeli. Binti huyo, tulipomsimulia, aliuliza kama anaweza kulitumia tairi lake katika somo la Kipaimara, mwezi wa nane, watoto wanapojifunza habari za Bakanja. Mwalimu yeyote hutafuta kielelezo. Hiki kitajileta chenyewe hadi mlangoni pa kapela.

Baiskeli tuliyoinunua haikuwa mpya. Ilikuwa moja ya zile zinazoletwa zimekwisha kutumika Ulaya, ya kijani iliyofifia, fremu ya chuma, isiyo na springi hata moja, gia 21, bei yake dola 95 baada ya mabishano. Fremu ya chuma ina uzito kidogo kuliko ya alumini, lakini ikipasuka, mchomeleaji wa bandarini anaweza kuiunga. Alumini inataka mashine na ujuzi ambao huku haupo. Ilikuwa pia na matundu ya kufungia portebagaji, kile kibebeo cha nyuma, ambayo baiskeli nyingi mpya za michezo hazina. Katekista asiyeweza kubeba kitu atabeba mgongoni, na begi la mgongoni kwenye mteremko humsukuma mtu kichwa mbele.

Kitu kilichotumika kinahitaji kuchunguzwa. Tuliinua kila gurudumu tukalizungusha, tukitazama kama rimu inayumba kati ya vipande vya breki. Tulishika usukani tukabana breki ya mbele na kuitikisa baiskeli mbele na nyuma, kusikia kama kichwa cha uma kimelegea. Tuligeuza fremu juu chini kutafuta kutu na nyufa pale mabomba yanapokutana, hasa chini ya pedali ambako maji hukaa. Na mnyororo tuliupima kwa rula ya shule: pini hadi pini, hatua 24 za mnyororo mzima ni milimita 305 kasoro kidogo. Zikifika 308, mnyororo umechoka, na utakuwa umeyala na meno ya magurudumu. Wa kwetu ulikuwa 306. Mchuuzi alituambia kwamba tangu azaliwe hajaona mtu akipima mnyororo kwa rula. Tulimwambia kwamba hajauza vitu kwa walimu.

Jambo lililoleta maneno mengi katika kamati lilikuwa umbo la fremu, si bei wala umri wake. Baiskeli hiyo ina bomba la juu linaloteremka sana, ambalo mtu mwenye kitenge anaweza kulivuka bila kuinua mguu hadi kifuani. Mjumbe mmoja alitaka tununue yenye bomba la juu lililonyooka, kubwa kidogo, ili binti huyo akiolewa mumewe aweze kuitumia. Mama mweka hazina alimwuliza kama tuandike jina la mume huyo hata kwenye katekisimu yake. Mwingine alisema kwamba si adabu kwa mwalimu wa dini wa kike kuonekana juu ya kinga. Tulitafuta sheria ya Kanisa inayosema hivyo hatukuiona, na tulikumbusha kwamba mama zetu hupanda vilima hivyo kila siku wakiwa na kilo 30 za kuni kichwani bila mtu yeyote kuhofia adabu yao.

Msimamo wetu katika jambo hilo ni mkali kidogo, na tunautaja wazi. Anayetoa zawadi kwa kawaida hupima kwa macho yake mwenyewe, na baiskeli haiwezi kupimwa hivyo. Hupimwa kwa mguu wa atakayeipanda. Asimame akiwa ameipitia katikati ya miguu yake, nyayo zote mbili ardhini: pasiwepo chuma kinachomgusa, na ibaki nafasi ya vidole vitatu au vinne. Aketi, aweke kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: mguu uwe umenyooka, ili akikanyaga kwa mbele ya unyayo, kama inavyopasa, goti libaki limekunjika kidogo. Mikono ifike kwenye usukani bila kujivuta, na vidole vifike kwenye breki. Kipimo hiki cha mwisho watu hukisahau. Mkono wa binti huyo ni mdogo, na ilibidi fundi asogeze vishikio vya breki karibu na usukani kwa kuzungusha parafujo moja. Kama tungenunua bila yeye, angeshuka Marungu akibana breki kwa ncha za vidole viwili.

Dola 55 zilizobaki hatukuzirudisha kwenye sanduku. Zilinunua pampu, mipira miwili ya ndani, viraka na gundi, vipande vinne vya breki, waya wa akiba, funguo tatu za kufungulia, kufuli, taa ya mbele na portebagaji. Wapo walioona kwamba huo ni ubadhirifu. Lakini tairi likipasuka kwenye kilomita ya 11, baiskeli isiyo na pampu ni mzigo wa kilo 15.

Tuliandika pia karatasi, na Padri Paroko aliitia sahihi wa kwanza. Inasema kwamba baiskeli iko mikononi mwa katekista, na baada ya miaka mitatu ya huduma ni yake kabisa. Inasema kwamba haitaazimwa kwenda kununua mafuta ya jenereta, kupeleka barua za kamati wala kumchukua mgeni bandarini. Inasema kwamba kila jumuiya ndogo ya kapela hizo mbili itatoa franka 1000 kwa mwezi kwa ajili ya matengenezo. Kifungu cha pili ndicho kilichojadiliwa sana, nasi tunajua vizuri kwa nini: katika nchi yetu kitu cha mission ni cha kila mtu hadi kinapoharibika.

Sasa ni mwezi wa nne. Saa tano za kutembea zimekuwa saa mbili na dakika chache wakati wa kwenda, na pungufu ya hapo wakati wa kurudi. Kwenye kilima cha tatu bado anashuka na kusukuma, na haoni haya. Kapela ya mbali, iliyokuwa ikimpata mara moja kila majuma mawili, sasa inampata kila juma, na watakaobatizwa Pasaka ijayo wamepata masomo yote. Mama mmoja mzee wa huko, ambaye hakutoka nyumbani tangu mwaka jana, amekwisha kupelekwa kwenye zahanati akiwa ameketi juu ya portebagaji, wajukuu wawili wakimshikilia pande zote. Vipande vya breki vya nyuma vimebadilishwa mara moja. Tairi limepata kiraka mara tatu, na mara zote tatu alilitia yeye mwenyewe.

Katekista wa kapela ya ng'ambo ya mto naye ameomba. Kamati imepokea ombi lake, na sanduku lina dola 38. Wajumbe wawili wamekwisha kusema kwamba tutafute nyingine ya kijani kama ile, kwa kuwa ile imetufaa. Lakini yeye ni mwanamume wa mita 1 na sentimita 88, mwenye kilo zaidi ya 90, na njia yake ni ya tambarare ya ufukweni yenye mchanga. Jumapili ijayo, baada ya Misa ya pili, aje na viatu anavyosafiria. Tutakuwa na rula na utepe wa kupimia kwenye ukumbi wa parokia.